Tom Mboya, mwana wa shamba la katani aliyepigania mshahara wa kulisha jamaa

Malori yanayopita Mubambiro, kwenye barabara ya kutoka Goma kwenda Sake, hubeba vitu vingi vilivyoshukia kwanza kwenye bandari ya Mombasa, nchini Kenya: bidhaa za duka, vyuma vya kujengea, hata magari yaliyokwisha kutumika katika nchi zingine. Mikono ya kwanza kugusa mizigo hiyo barani Afrika ni mikono ya wafanyakazi wa bandari. Mwezi wa tatu mwaka wa 1955, wafanyakazi hao waliweka kazi chini na kudai mshahara zaidi. Mtu aliyekwenda kuwasikiliza, kisha akasema kwa niaba yao mbele ya wenye kazi, alikuwa kijana wa miaka 24. Jina lake ni Tom Mboya.

Wengi wanamkumbuka kama waziri wa Kenya aliyeuawa kwa risasi katikati ya mji wa Nairobi. Lakini kabla ya kuwa mbunge au waziri, Mboya alikuwa mtu wa sendika, yaani chama cha wafanyakazi. Ndiyo kazi iliyomfanya ajulikane, na ndiyo iliyomweka katika mtihani mkubwa pale alipoingia serikalini.

Mtoto wa kambi ya vibarua

Thomas Joseph Odhiambo Mboya alizaliwa tarehe 15 mwezi wa nane 1930 huko Kilima Mbogo, karibu na mji wa Thika. Hakuzaliwa kwao. Baba yake, Leonard Ndiege, na mama yake, Marcella Onyango, walikuwa Waluo wa kisiwa cha Rusinga, katika ziwa Victoria. Walikuwa wamefuata kazi kwenye shamba kubwa la katani la mzungu. Masisi nayo iliyajua mashamba makubwa ya wakati wa ukoloni, ya kahawa, chai na pareto, na wazee wanakumbuka maisha ya kambi za vibarua yalivyokuwa.

Katika kambi ile ya Kilima Mbogo watu wa makabila mbalimbali waliishi mlango kwa mlango. Mtoto Mboya alikua akisema Kikamba, Kikuyu na Kiswahili pamoja na Kiluo cha wazazi wake. Jambo hilo lilimsaidia sana baadaye, kwa sababu sendika haiwezi kusimama kama kila kabila linakaa upande wake.

Alisoma katika shule za misioni ya Katoliki: Kabaa, kisha Yala, kisha Mangu. Baba yake, ambaye alifikia kuwa msimamizi wa vibarua, alikuwa na watoto wengine wa kusomesha, na feza hazikutosha kwa masomo ya juu zaidi. Mwaka wa 1948 kijana akachagua shule ya wakaguzi wa afya huko Kabete, mahali ambapo angeweza kujifunza kazi bila kuwatwika wazazi mzigo mwingine.

Kazi moja, mishahara miwili

Mwaka wa 1951 Mboya aliajiriwa na baraza la mji wa Nairobi kuwa mkaguzi wa afya. Alipima maziwa, alikagua maduka na majengo. Wakaguzi wazungu walifanya kazi ileile, lakini mshahara wao ulikuwa mara nyingi zaidi ya ule wa Mwafrika. Hata nguo za kazi na heshima havikuwa sawa.

Kisa kimoja alikisimulia yeye mwenyewe baadaye katika kitabu chake. Siku moja alikuwa peke yake katika chumba cha kupimia maziwa. Mama mmoja mzungu akaingia na chupa mkononi, akatazama huku na huku, kisha akauliza kama kuna mtu yeyote ndani. Mboya alikuwa amesimama mbele yake. Kwa mama yule, Mwafrika hakuhesabiwa kuwa mtu wa kumhudumia.

Mboya hakuishia kwenye hasira. Aliingia katika shirika la wafanyakazi Waafrika wa baraza la mji, akachaguliwa kuwa rais wake mwaka wa 1952. Shirika hilo lilikuwa la kuomba na kunung'unika tu. Yeye na wenzake wakaligeuza kuwa sendika kamili, yenye wanachama wanaotoa mchango, yenye kitabu cha hesabu, na iliyoandikishwa kwa sheria. Wakubwa wake hawakufurahi. Mwaka wa 1953 akafukuzwa kazi.

Sendika wakati wa hali ya hatari

Wakati huo Kenya ilikuwa katika moto. Mwezi wa kumi 1952 serikali ya Uingereza ilitangaza hali ya hatari kwa ajili ya vita vya Mau Mau. Jomo Kenyatta alikamatwa. Fred Kubai, mmoja wa viongozi wakubwa wa sendika, alikamatwa naye. Makhan Singh, Mkenya mwenye asili ya India aliyeanzisha pamoja na Kubai muungano wa sendika mwaka wa 1949, alikuwa kizuizini tangu 1950. Mwaka wa 1953 chama cha siasa cha Waafrika, KAU, kikapigwa marufuku.

Mlango mmoja tu ulibaki wazi kwa Mwafrika aliyetaka kusema mbele ya watu: sendika. Mwezi wa tisa 1953, akiwa na miaka 23, Mboya akawa katibu mkuu wa muungano wa sendika zilizoandikishwa, ambao baadaye uliitwa Kenya Federation of Labour, KFL kwa kifupi.

Ilikuwa kazi ya kutembea juu ya kamba. Neno moja kali kupita kiasi, na serikali ingefunga muungano. Neno moja laini kupita kiasi, na wafanyakazi wangesema ameuzwa. Mwezi wa nne 1954 jeshi lilizunguka Nairobi katika operesheni iliyoitwa Anvil na kupeleka makumi ya maelfu ya watu kwenye kambi za wafungwa, wengi wao wakiwa wanachama wa sendika. Mboya aliandika malalamiko, akadai wafanyakazi watendewe kwa sheria, akapeleka habari hizo kwa sendika za Uingereza na za nchi zingine. Alielewa mapema kwamba barua inayosomwa London inaweza kumlinda mtu wa Nairobi.

Mshahara wa kapera

Jambo kubwa la miaka ile lilikuwa hesabu ya mshahara wenyewe. Wakoloni walimlipa mfanyakazi wa mjini kama vile ni kapera, mtu asiye na mke wala watoto. Walisema jamaa yake iko kijijini, inalima, inajilisha. Kwa hesabu hiyo, shamba la mke kijijini ndilo lililomlipia mwenye kiwanda sehemu ya mshahara.

Mwaka wa 1954 tume ya serikali yenyewe, iliyoongozwa na F. W. Carpenter, ilikubali kwamba hali hiyo ni mbaya. Iliona kwamba karibu nusu ya wafanyakazi wa mijini katika kampuni za watu binafsi, na karibu robo ya wale wa serikali, walipata mshahara usiotosha hata mahitaji ya lazima ya mtu mmoja. Tume ikashauri mshahara wa chini upandishwe hatua kwa hatua mpaka uweze kutunza mtu na jamaa yake.

Mboya aliishika ripoti hiyo kama silaha. Hakuwa tena na haja ya kusema kwamba wafanyakazi wanalalamika. Aliweza kuweka mezani maneno ya serikali yenyewe. Katika kila mazungumzo alikuja na bei ya unga, kodi ya nyumba, nauli ya basi na karo ya shule. Wenye kazi waliozoea kushindana na kelele wakajikuta wanashindana na hesabu.

Mgomo wa Mombasa

Ndipo ukaja mgomo wa bandari wa mwaka wa 1955. Maelfu ya wafanyakazi waliacha kazi, na meli zikakaa bila kushushwa. Mombasa ni mlango wa Kenya, Uganda na nchi za ndani mpaka mashariki ya Kongo, kwa hiyo kila siku ya mgomo ilihesabiwa kwa feza nyingi.

Mboya alishuka kutoka Nairobi. Kazi yake ya kwanza haikuwa kuwasemesha wakubwa; ilikuwa kuwasikiliza wagomaji, kisha kupata ruhusa yao ya kuzungumza kwa jina lao. Baadaye aliwaomba jambo gumu: warudi kazini wakati madai yao yanasikilizwa na baraza la usuluhishi. Wagomaji wangeweza kukataa. Wengi walikuwa wamekwisha kudanganywa mbele. Walimwamini, wakarudi. Mbele ya baraza Mboya alitetea madai yao kwa takwimu, na uamuzi ukawapa nyongeza ya karibu theluthi moja ya mshahara.

Habari hiyo ilienea kwenye reli, mashamba na viwanda. Wafanyakazi waliona kwamba mgomo ni nguvu, lakini kinachobaki mkononi baada ya mgomo ni mapatano yaliyotiwa sahihi. Bila karatasi hiyo, nyongeza ya leo inaweza kuondolewa kesho.

Kutoka Nairobi mpaka Detroit

Mwishoni mwa 1955 Mboya alikwenda Uingereza kusoma mwaka mmoja katika chuo cha Ruskin, Oxford, ambacho hupokea watu wa sendika. Mwaka wa 1956 akafika Marekani. Huko alikutana na wakubwa wa AFL-CIO, muungano wa sendika za nchi ile. Mmoja wa viongozi wake alikuwa Walter Reuther, rais wa UAW, sendika ya watu wanaounda magari.

Historia ya sendika hiyo ilikuwa somo tosha. Mwishoni mwa mwaka wa 1936, katika mji wa Flint, wafanyakazi wa General Motors walikaa ndani ya viwanda, wakakataa kufanya kazi na kukataa kutoka. Walikaa siku 44, wakati wa baridi kali, mpaka kampuni ikakubali kuitambua sendika yao. Mwaka wa 1950 UAW na General Motors walitia sahihi mapatano ya miaka mitano: mshahara uliopanda bei za vitu zinapopanda, pensheni kwa wazee, na msaada wa kampuni katika malipo ya hospitali. Watu waliyaita Mkataba wa Detroit. Mfanyakazi wa kiwanda cha magari aliweza kununua nyumba na kusomesha watoto kwa sababu ya karatasi hiyo.

AFL-CIO iliipa KFL dola 35,000 za kujenga makao makuu Nairobi. Jengo likaitwa Solidarity House, jina lilelile la makao makuu ya UAW kule Detroit. Lakini feza hizo zilimletea Mboya maadui pia. Ilikuwa miaka ya mashindano kati ya Marekani na Urusi, na wapinzani wake, akiwemo Oginga Odinga, Mluo mwenzake, walimshutumu kwamba amewategemea Wamarekani kupita kiasi. Lawama hiyo ilimfuata mpaka mwisho.

Mwaka huohuo wa 1956 serikali ya kikoloni ilitisha kuifuta KFL kwa sababu inasema siasa. Katibu mkuu wa sendika za Uingereza, Vincent Tewson, akasafiri mpaka Nairobi, na muungano ukaokoka. Marafiki wa mbali walikuwa na faida, hata kama walikuwa na bei.

Accra, pamoja na Lumumba

Mwezi wa tatu 1957 Waafrika wa Kenya walichagua wabunge wao kwa mara ya kwanza. Mboya akashinda kiti cha Nairobi. Mwezi wa 12 mwaka wa 1958, akiwa na miaka 28, aliongoza mkutano mkubwa wa watu wa Afrika uliofanyika Accra, nchini Ghana.

Katika mkutano huo alikuwemo Patrice Lumumba, pamoja na Gaston Diomi na Joseph Ngalula. Tarehe 28 mwezi huohuo Lumumba alikwisha kurudi Léopoldville na kuwaeleza wakaaji yale waliyoyasikia. Siku chache baadaye, tarehe 4 mwezi wa kwanza 1959, mji ukalipuka, na uhuru wa Kongo ukawa hauwezi tena kungoja.

Kongo nayo ilikuwa na watu wake wa sendika. Mwezi wa 12 mwaka wa 1941, askari waliwapiga risasi wafanyakazi wa Union Minière waliogoma Élisabethville, leo Lubumbashi, na makumi wakafa, pamoja na kiongozi wao Léonard Mpoyi. Mwafrika wa Kongo aliruhusiwa kuwa na sendika mwaka wa 1946 tu, tena kwa masharti mengi. Cyrille Adoula, aliyekuwa waziri mkuu kuanzia 1961 mpaka 1964, aliacha kazi yake katika benki kuu ili awe mtu wa sendika. Mboya na Adoula walipita njia moja: kutoka ofisi ya sendika mpaka kiti cha serikali.

Waziri mbele ya wagomaji

Mwaka wa 1962, kabla ya uhuru, Mboya akawa waziri wa kazi. Mwaka huo pia alimwoa Pamela Odede. Migomo ilikuwa mingi kila upande, kwa sababu kila mfanyakazi alitaka kuonja uhuru kwa mshahara wake. Sasa yule aliyewatetea wagomaji ndiye aliyetakiwa kutuliza migomo.

Jibu lake lilikuwa mapatano ya mwezi wa kumi 1962 kati ya serikali, wenye kazi na KFL. Wenye kazi walikubali kuzitambua sendika na kutowafukuza watu kwa ajili ya uanachama. Sendika zilikubali kutogoma kabla ya kupita hatua zote: mazungumzo mahali pa kazi, usuluhishi, kisha uamuzi wa baraza. Mwaka wa 1964 mahakama ya mambo ya kazi ikaanzishwa, na mwaka wa 1965 ukaja mfuko wa taifa wa akiba ya uzeeni, NSSF. Kongo ilikuwa imekwisha kuunda INSS yake, leo CNSS, mwaka wa 1961.

Lakini mizani ilianza kuelemea upande wa serikali. Mwaka wa 1964 sendika ziliombwa kuacha kudai nyongeza na kuacha kugoma kwa mwaka mzima. Kwa kubadilishana, kampuni ziliahidi kuongeza wafanyakazi kwa asilimia 10, na serikali kwa asilimia 15. Mwaka wa 1965, baada ya ugomvi mkali kati ya miungano miwili, serikali ilifuta yote miwili na kuunda mmoja tu, COTU. Michango ikakatwa moja kwa moja kwenye mshahara, jambo lililozipa sendika feza za uhakika. Lakini katibu mkuu wa COTU sasa alichaguliwa na rais wa nchi kati ya majina matatu aliyopelekewa.

Mboya, ambaye wakati huo alikuwa waziri wa mipango ya uchumi, aliunga mkono njia hiyo. Aliona kwamba nchi changa inahitaji viwanda na ajira kwanza, na kwamba wenye kazi ya mshahara ni wachache mbele ya wakulima na wasio na kazi. Hoja hiyo ina uzito. Lakini kijana wa 1953 angeuliza swali moja: mfanyakazi atamwendea nani siku ambayo serikali yenyewe ndiyo mwenye kazi? Miaka miwili baadaye Kongo ilipita palepale, pale Mobutu alipozikusanya sendika zote katika muungano mmoja mwaka wa 1967. Ilibidi kungoja mwaka wa 1990 ili Mkongo aweze tena kuchagua sendika anayoitaka.

Risasi mchana

Jumamosi tarehe 5 mwezi wa saba 1969, Mboya alitoka katika duka la dawa kwenye barabara iliyoitwa Government Road, leo Moi Avenue. Akapigwa risasi mlangoni, akafa. Alikuwa na miaka 38. Nahashon Njenga Njoroge alihukumiwa kwa mauaji hayo na kunyongwa mwaka huohuo, lakini watu wengi nchini Kenya wanaendelea kuuliza ni nani aliyemtuma. Siku ya misa ya mazishi Nairobi ilijaa ghasia, na mgawanyiko kati ya Waluo na Wakikuyu ukawa kidonda kirefu. Hilo lilimpata mtu aliyejenga jina lake kwa kukusanya makabila katika sendika moja.

Alizikwa Rusinga, kisiwa ambacho wazazi wake walikiacha ili kutafuta kazi. Sanamu yake imesimama Moi Avenue, si mbali na pale alipoanguka.

Yale aliyoyafanya yanaonyesha mambo mawili kwa mchimbaji wa Rubaya, mbeba mizigo wa Sake, dereva wa barabara ya Goma na mwalimu anayengoja mshahara wake. La kwanza, mshahara haupandi kwa huruma. Unapanda pale ambapo watu wamejihesabu, wametoa mchango, wamejua bei ya maisha yao, na wamepata mapatano yaliyoandikwa. La pili, sendika ni ya wanachama wake, na inadhoofika siku ambayo mkubwa wake anachaguliwa na mtu wa nje, hata kama mtu huyo alikuwa rafiki jana.

Mjini Mombasa, sendika ya wafanyakazi wa bandari ingali hai. Kila mara mapatano yanapofika mwisho, wajumbe wake hukaa tena mezani na wakubwa wa bandari, na hesabu ya mshahara huanza upya.